Kipimo cha Mama

Kambini, tarehe 6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta salama, wewe na cherehani yako, na Mama pia. Mimi sijambo, ila vidole vimepasuka kwa simenti na baridi. Ukuta wa bwawa unapanda. Msimamizi ametuambia sisi waashi kwamba hakuna ruhusa mpaka mawe ya juu kabisa yawe yamekaa. Simu huku bado ni pambo la mfukoni, haishiki hata ukipanda juu ya winchi, kwa hiyo tuendelee na kalamu.

Sasa sikiliza. Uliniandikia kwamba tangu tumzike Baba, Mama anakaa mbele ya meko ya sebuleni anatazama majivu tu. Jambo hilo halinitoki moyoni. Nimenunua televisheni, ile bapa, kubwa. Dereva wa lori la kambi ataishusha mlangoni kwenu.

Isiwekwe popote pengine. Nataka ifungwe kwenye mawe ya meko, juu, chini ya jiwe la Mama. Unakumbuka siku ile? Mawe yote Baba aliyaokota mtoni mwenyewe, hakuna hata moja lililochongwa, na tulipobakiza moja tu la kileleni ngazi ikavunjika. Mama akaja akauliza tunasubiri nini, akanyoosha mikono, akalipandisha lile jiwe jeupe mahali pake bila hata kusimama kwa vidole. Baba alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya simenti. Kuanzia hapo akamwita Mlingoti.

Na kimo cha kufungia unakijua. Baba hakuwahi kuweka kioo, rafu wala dirisha kwa futi. Alimsimamisha Mama, akamwambia atazame mbele bila kujisumbua, na macho yalipotua ndipo alipopiga chaki. Nyumba nzima imejengwa kwa kipimo cha Mama. Fanyeni hivyo hivyo.

Nataka Mama acheke tena, dada. Hilo tu.

Mdogo wako, Fundi


Nyumbani, tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sare za shule zimenijaa mezani, sindano zimenitoboa vidole kuliko vitambaa. Mama yuko hapa pembeni. Ujue kabisa kwamba kila ninachokuandikia namsomea kabla sijafunga bahasha, ndiyo sharti lake. Anasema niandike kwamba yeye ni mzima, ngangari kama mawe ya meko, na kwamba asante sana kwa mzigo, umekuwa mtoto wa maana.

Televisheni ilifika salama. Ipo kwenye boksi lake, nimeitandikia kitambaa juu, watu wanadhani ni meza mpya. Kuhusu kuifunga kwenye meko, mimi sioni. Mawe yenyewe unayajua, moja limetoa tumbo, jingine limerudi nyuma, na kile chuma cha kushikia kinataka ukuta ulionyooka. Moto je? Moshi je? Mimi naona tuiweke kwenye ile meza fupi, ya chini, mambo yaishe.

Mama siku hizi ana kichekesho kipya. Anatambua watu kwa viatu. Mtu hajamaliza kubisha hodi, yeye kashasema huyo ni fulani, kisigino chake kimeliwa upande. Hajakosea hata mara moja. Magauni yake pia nimeyakata upya, yale ya zamani hayamkai tena.

Hapa Mama amenikanyaga mguu, kwa hiyo naishia.

Dada yako


Kambini, tarehe 25 Machi

Dada,

Shikamoo, na umshikie Mama miguu kwa niaba yangu. Nimecheka habari za viatu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Kama magauni hayamkai, mlishe. Amekonda kwa mawazo, na dawa ya mawazo umeifunika kitambaa pembeni.

Meza fupi? Dada, televisheni ile ikae chini kama beseni la kufulia? Mlingoti aiinamie? Hapana. Mambo yako yote yana majibu. Mawe hayalingani, sawa, hatufungi chuma kwenye mawe, tunafunga ubao mnene kwanza, na nyuma ya ubao tunachonga kufuata matumbo ya mawe. Chuma kinakaa kwenye ubao. Usimruhusu mtu atoboe kwenye maungo ya simenti, yatamomonyoka. Atoboe jiwe lenyewe, katikati yake, polepole, drili izunguke tu bila kugongagonga, na mtu amwagie maji kidogo kidogo. Kuhusu moto, washa kuni mpaka zikolee, kisha weka kiganja pale televisheni itakapokaa. Ukivumilia mpaka kuni ziishe, na yenyewe itavumilia. Usipovumilia, tutaweka rafu ya jiwe chini yake ikate joto.

Umeona? Kazi ya nusu siku. Mwite fundi.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu na anauliza kama unafua soksi zako. Jirani wa mbele amejifungua mapacha, sasa mtaa mzima haulali.

Fundi nilimwita, usiseme sikumwita. Alikuja Shoti, yule wa umeme mtaa wa nyuma, jina amelipata kwa kazi zake mwenyewe. Nilimsomea maagizo yako neno kwa neno. Akasema yeye hafundishwi kazi kwa barua. Akapanda kwenye stuli, akaegemeza drili kwenye jiwe, ikalia kama mbuzi aliyeshikwa sikio, na ncha ikakatika vipande viwili. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Jiwe halikupata hata mkwaruzo. Akashuka jasho linamtoka, akasema mawe haya si ya kawaida. Mama akamwambia kutoka kitini kwake, "Kijana, kamba ya kiatu chako imefunguka, utaanguka na mashine." Akafunga kamba, akakusanya vyombo vyake, akaaga.

Kwa hiyo mawe yamekataa. Waswahili wanasema sikio la kufa halisikii dawa, na wewe sikio lako nalijua tangu utotoni, lakini safari hii nakuomba. Achana na juu. Tuiweke chini tu.

Dada yako


Kambini, tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimeelewa, hamtaki. Kila nikiziba tundu unafungua jingine. Lakini mimi ni mtoto wa Baba, na mawe hayanikatai. Ubao nitautengeneza hapa hapa kambini, seremala wetu ananiazima randa. Matundu nitayatoboa mwenyewe nikija, hata kama ni mwakani. Ninachotaka kwako ni kitu kimoja na usiniletee hadithi ya Shoti. Msimamishe Mama sebuleni, mbele ya meko, mwambie atazame bila kujisumbua, piga chaki, pima kutoka sakafuni, niandikie. Mshonaji hashindwi kupima.

Fundi


Nyumbani, tarehe 1 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimempima. Macho yalitua kwenye ubavu wa meko, ule ukuta mfupi wa kushoto mlikokuwa mnapanga kuni. Nimepiga chaki hapo. Kutoka sakafuni ni futi mbili kasoro inchi moja. Nilipima mara mbili. Sikuongeza, sikupunguza.

Nimemsomea Mama barua hii. Nilipofika kwenye kipimo akasema funga bahasha.

Dada yako


Kambini, tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Futi mbili? Umempima Mama au paka wa jirani? Futi mbili ni kimo cha stuli. Hapo panapangwa kuni, dada. Labda utepe wako umekatika mwanzo, au Mama alikuwa amekaa, au mnanifanyia utani nyie wawili. Mimi nakumbuka kipimo cha Mama kwenye kioo cha ukumbini, kinanipita mimi mwenyewe.

Pima tena tafadhali. Mwambie asimame.

Mdogo wako


Kambini, tarehe 22 Juni

Dada,

Usijibu ile ya juzi. Natuma hii kwa lori lile lile kama halijaondoka.

Leo nilikuwa nimechuchumaa napanga mawe ya chini ya mfereji, kichwa kimeinama tangu asubuhi. Msimamizi akaja akasimama mbele yangu. Sikuinua uso. Nikasema, "Shikamoo mzee," maana nilizijua buti zake, ya kulia ina kiraka cha tairi. Kisha mwiko ukaniponyoka mkononi.

Anatambua watu kwa viatu. Magauni hayamkai. Meza fupi, ya chini, achana na juu. Ulikuwa unaniambia tangu Machi, na mimi nakufundisha kutoboa mawe.

Dada, Mama ana nini? Andika. Msomee na hii, sijali. Nakuja. Ukuta ukinisubiri sawa, usiponisubiri sawa.

Fundi


Nyumbani, tarehe 14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingine zitasubiri. Barua zako mbili zilifika pamoja. Nilimsomea Mama zote. Aliniambia, "Andika yote. Nimechoka kukukanyaga mguu."

Mgongo wake umepinda. Ulianza pale tu ulipoondoka, kidogo kidogo, tukadhani ni uchovu wa msiba. Asubuhi moja akainama kuokota ukuni, hakunyooka tena. Hospitali walimpiga picha wakasema mifupa ya uti wa mgongo imekuwa dhaifu na imebonyea. Dawa zipo za kutuliza maumivu, zipo na za kuzuia isizidi, na anazimeza. Ila kunyooka tena hakuna. Kidevu kimeelekea kifuani. Akisimama anaona sakafu, miguu ya meza na viatu vya watu. Magauni yake nayapunguza mbele na kuyaongeza nyuma, maana mbele yalikuwa yanaburuta. Hayo majivu, mdogo wangu, hayatazami kwa huzuni peke yake. Macho yake ndipo yanapofika.

Alinikataza kukuambia. Wakati wa Baba uliacha kazi ukaja kumuuguza, na tulipozika ukakaa nyumbani bila kazi mpaka ukaanza kukwepa watu njiani. Mama aliyaona hayo yote. Aliapa kwamba yeye hatakuwa sababu ya pili. Mimi nikakubali, na kila nilipofunga bahasha niliumia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia hivyo mara nyingi, akaniambia nishone. Na wewe kila ulipoandika juu, juu, nilitamani nikurushie pasi.

Nilipompima alijua ninachofanya. Alisimama akanipa nafasi. Maneno alikuwa ameyakataza, lakini kipimo cha nyumba hii hakijawahi kudanganya, na nadhani yeye mwenyewe hakutaka kianze kudanganya kwake.

Haya sasa ni maneno yake, nayaandika anavyoyatamka:

"Mwambie jiwe la juu nililiweka mimi, na sasa silioni. Sitaki aje asimame mlangoni anionee huruma. Ukuta wake asiuache katikati, akiuacha sitamfungulia. Na mwambie televisheni naitaka. Ila dari siwezi kuitazama."

Dada yako


Kambini, tarehe 2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mwambie Mama nimesikia. Sitakuja kabla ukuta haujaisha. Lakini ukuta huu utaisha, hata kama nitapanga na mawe ya wenzangu.

Fundi


Kambi mpya, tarehe 3 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Huku tumepewa mfereji mwingine, na vitanda ni vya chuma, vinalia ukigeuka. Nakushukuru kwa zile suruali, zimenikaa sawasawa.

Siku ile niliyokuja nyumbani, uliporudi kutoka kupeleka sare shuleni ulinikuta nafagia vumbi. Ukaniuliza mbona macho mekundu, nikasema ni vumbi la mawe. Mama alikuwa anasikia. Kesho yake alfajiri nikaondoka. Sasa nikuambie.

Njia nzima nilikuwa nimejipanga jinsi nitakavyomwamkia. Nilibisha hodi nikaingia. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika mgongo wa kiti. Alizitazama buti zangu, akasema, "Buti zina simenti. Ukuta umeisha?" Nikasema umeisha, shikamoo Mama. Akaitikia, halafu akageuka haraka kuelekea jikoni, kama mtu aliyekumbuka chungu motoni. Nikakiona kisogo chake na ule mgongo. Dada, ulikuwa umeniandikia kila kitu, na bado sikuwa tayari. Nilisimama na mkoba begani nisijue pa kuuweka. Nilitaka kumshika, nikaogopa nitamvunja.

Akaniuliza kutoka jikoni kama nimekuja kutazama au kufanya kazi.

Basi nikafanya kazi, maana hilo ndilo nililoliweza. Mawe ya juu sikuyagusa. Nilikwenda kwenye ule ubavu wa kushoto, na chaki yako ilikuwepo bado. Niliwasha moto, nikaweka kiganja kwenye alama mpaka kuni zikaisha, joto halifiki pale. Kwa hiyo Mama atabaki na moto wake na televisheni yake. Ubao nilikuwa nimekuja nao, nikauchonga nyuma mpaka ukakumbatia mawe bila kucheza. Matundu ya juu yalikubali vizuri, jiwe linataka subira tu, umwambie Shoti.

Ya chini yalikuwa na kazi. Ukichuchumaa, drili inagonga sakafu. Ikanibidi nilale chali, kichwa karibu na majivu, mikono juu, maji yananidondokea kwenye kola. Nilipomaliza la kwanza nilizima mashine nikafumba macho, vumbi lilikuwa limeingia. Nikasikia slepa zake zinakuja, zikasimama karibu na sikio langu.

Nilipofumbua macho, uso wake ulikuwa juu yangu. Uso wote, dada, si kisogo. Ananitazama moja kwa moja. Hakuwa ameniinamia wala hakujisumbua, alikuwa amesimama tu kama anavyosimama siku hizi. Kumbe tangu niingie alikuwa hajaniona, ameona buti.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Umezeeka, mwanangu."

Nikacheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, machozi yakawa yananiingia masikioni kwa vile nilivyolala. Naye akalia, yake yakawa yananianguka usoni. Alikaa kwenye ile stuli, akanifuta vumbi kwa pindo la gauni, akaanza kuniuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza kwa barua, kama nalala vizuri, kama nina mtu, kama bado namwota Baba. Nilimjibu yote nikiwa nimelala pale pale. Sikutaka kuinuka. Nilijua nikisimama tu nitarudi kuwa buti.

Mwisho akaniambia nimalize matundu, chai inapoa.

Hilo ndilo lililokuwa vumbi la mawe. Mwambie Mama nafua soksi.

Mdogo wako, Fundi


Nyumbani, tarehe 28 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwanza peke yangu, nikalia juu ya sare ya mtoto wa watu mpaka ikabidi niipige pasi upya. Kisha nimemsomea Mama. Amesema umesahau kuandika kwamba ulikula mikate yote.

Televisheni imetulia kwenye ubavu wake. Mama anavuta kiti, anatazama, na taarifa ya habari anabishana nayo kwa sauti kubwa kila siku. Jana alimcheka mchezaji aliyekosa goli mpaka nikasimamisha cherehani nimsikilize. Shoti alipita kuona kazi, akasema hata yeye angeweza kama mawe yangemheshimu. Aliketi sakafuni kutazama mpira, na kumbe ana makovu mawili kidevuni, Mama ndiye aliyeniambia. Sasa ndiyo desturi, anayekuja kuongea na Mama anaketi chini, hata mama mapacha na watoto wake. Anawatazama usoni wote.

Nilitaka kufuta ile alama ya chaki, imebaki inachungulia pembeni ya ubao. Mama amekataa. Anasema hicho ni kipimo chake, na nyumba ni yake.

Amenituma nikuandikie jambo moja, na amenisimamia hapa nisilipunguze. Ukija tena, usisimame mlangoni kama mgeni. Lala chini kwanza, ndipo uamkie.

Dada yako